Kutoka albamu hadi mlangoni: mwongozo kamili wa kufuatilia muziki huru ukiwa Dodoma

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe uleule, maneno tu ndiyo yanabadilika: "Kaka, kumbe jana kulikuwa na laivu pale, mbona hukusema?" Wengine walifika wakakuta viti ndiyo kwanza vinashushwa kwenye gari. Wengine walikuta mafundi wanakunja nyaya. Na wapo waliowahi, wakalipa, wakakaa mbele kabisa, halafu wakarudi nyumbani wamenuna kwa sababu hawakuujua hata wimbo mmoja.

Makosa yote matatu yana mzizi mmoja: tunasubiri bango. Bango la shoo ndogo hapa mjini mara nyingi linatoka siku tatu kabla, tena kwenye status ya mtu ambaye namba yake huna. Anayewahi ni yule aliyeanza kumfuata mwanamuziki tangu kwenye albamu. Kwa hiyo tutaanza na masikio, tutapita kwenye daftari, ndipo tutafika mlangoni.

Ninaposema muziki huru nina maana ya kazi za watu wasio chini ya lebo kubwa, au walio chini ya lebo ndogo isiyo na hela ya kukufuata redioni. Zeze la Kigogo, singeli ya uani, gitaa la mtu mmoja, kompyuta ya kijana wa Nairobi, vyote vimo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo la karatasi. Simu inazima chaji, na ukiwa gizani mbele ya jukwaa mwanga wake unawakera watu.
- Earphones za waya. Si lazima ziwe za bei. Hazihitaji chaji, na ukizikalia hujapoteza mshahara.
- Bando la GB 2 kwa mwezi lililotengwa kwa muziki tu.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni yako ya simu.
- Viziba masikio vya sponji. Ulizia duka la dawa, au duka la vifaa vya ujenzi wanakonunua mafundi wa kuchomelea.
- Jaketi. Nitaeleza sababu.
- Noti ndogondogo: elfu moja, elfu mbili, elfu tano.
- Namba ya bodaboda au bajaji mmoja unayemwamini.

## Hatua ya 1: Sikiliza albamu nzima, mara tatu, kwa mpangilio wake

Siku hizi tunasikiliza wimbo mmoja mmoja, tena vipande. Ukienda kwenye laivu ukiwa unajua vipande utachoka haraka, kwa sababu mwanamuziki wa aina hii hapigi vipande. Anaweza kukaa kwenye mdundo mmoja dakika kumi na mbili.

Mara ya kwanza isikilize ukiwa na kazi ya mikono: kufua, kupiga pasi, kuchambua mchele. Mara ya pili kaa chini na earphones, simu ipindue kifudifudi. Mara ya tatu isikilize ukitembea. Kati ya Makole na Uhindini kuna mwendo wa kutosha kumaliza nusu ya albamu.

Usisikilizie spika ya simu. Spika ile ni ndogo mno kutoa sauti nzito, na kwenye muziki wa Kigogo sauti nzito ndiyo nyumba yenyewe. Ukisikiliza ilimba, ile marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye spika ya simu utasikia kengele tu na zile pau ndefu za chini zitapotea. Halafu utaniambia muziki wenyewe umepooza.

Jambo jingine linalowafanya watu wafute rekodi nzuri: ule mlio wa kukwaruza kwenye ilimba, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Hiyo si kasoro ya kurekodi, ni makusudi. Chombo kimetengenezwa ili kingurume pembeni ya noti, na baadhi ya pau zake hazipigwi kabisa, zinaachwa zitetemeke zenyewe pale jirani zake wanapoguswa. Wala usitafute do-re-mi ya kwaya. Muziki wa Wagogo una ngazi yake ya sauti, na sikio lililolelewa na kinanda cha kanisani huhitaji siku mbili tatu kuizoea.

Utajua umefaulu ukiweza kuimba, hata kwa kuguna, mwanzo wa nyimbo tatu bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Andika orodha ya albamu kumi, na angalau nne ziwe za karibu

Kumi zinatosha. Orodha ya albamu mia moja ni ya kujionyesha, huwezi kuitumia. Na nne ziwe za watu ambao unaweza, kwa nauli ya kawaida, kuwaona wakipiga. Kama orodha yako yote ni ya watu wa London na Chicago, utakuwa msikilizaji mzuri, ila hatua zilizobaki za mwongozo huu hazitakufaa.

Hizi ni baadhi ya zilizo kwenye daftari langu, na kwa nini zimekaa humo.

Hukwe Zawose, Chibite (1996). Ilitoka kwa Real World, lebo ya Uingereza iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Kama unaishi Dodoma na hujawahi kuisikia, anza hapa. Mzee Zawose, mzaliwa wa Ugogo aliyefariki Desemba 2003, alikuwa na sauti iliyoshuka hadi kwenye mngurumo na kupanda hadi sauti ya mtoto, yote ndani ya pumzi moja. Mwaka 2002 alitoa Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Wapo wanaoipenda zaidi kwa sababu ina vyombo vya kisasa. Mimi naiona imejaa kidogo, lakini nimeibakiza, kwa sababu rafiki zangu wengi waliingilia mlango huo.

Msafiri Zawose, Uhamiaji (2017). Huyu ni mwanawe. Lebo ni Soundway. Zeze na ilimba vimewekwa juu ya mashine, na kwa masikio yangu hapa mashine zinajua adabu.

The Zawose Queens, Maisha (2024). Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kwa muda mrefu wanawake wa familia hii walisikika nyuma, kwenye kuitikia. Humu wako mbele. Nikiulizwa ni albamu gani moja mtu aanze nayo mwaka huu, najibu hii bila kufikiri.

Sounds of Sisso (2017). Mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kasi yake ni mapigo mia mbili na kitu kwa dakika, na kuna pale inapofika karibu mia tatu. Isikilize asubuhi. Usiku itakunyima usingizi. Ukiipenda nenda kwenye Poaa ya Bamba Pana (2018).

Jagwa Music, Bongo Hotheads (2012). Mchiriku: kinanda kidogo cha bei rahisi kinachopigwa mpaka kinalia, na ngoma zinazokimbia. Ni mababu wa singeli.

X Plastaz, Maasai Hip Hop (2004). Kutoka Arusha. Sauti ya Kimaasai ndani ya rap, wakati wengi bado walikuwa wanaiga Marekani.

Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, Songs for the Poor Man (1989). Si mpya, wala si ya kificho. Nimeiweka kwa ajili ya wanaodhani muziki wa kupinga unyonge umeanza na simu.

KMRU, Peel (2020). Mkenya. Hakuna ngoma, hakuna maneno, ni sauti za mazingira zilizovutwa taratibu. Mke wangu anaiita "friji linalofikiri". Nami siwezi kulala bila hiyo friji.

Mbili zilizobaki ni za wanamuziki wa hapa mjini wanaouza kazi zao kwa fleshi na kwa WhatsApp, na hizo sizitaji, kwa sababu ni lazima uzitafute zako. Orodha ya kunakili haitakupeleka kokote.

## Hatua ya 3: Soma majina madogo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha anayewahi na anayesimuliwa.

Kila albamu ina majina mengine zaidi ya lile kubwa la juu: nani alipiga zeze, nani aliitikia, nani alirekodi, wapi, lebo gani. Kwenye Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki na lebo ndogo huuza albamu zao wenyewe, majina hayo hukaa chini ya orodha ya nyimbo. Kwenye CD yako ndani ya jalada. Kwenye programu nyingine za muziki bonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya wimbo. Yaandike daftarini, ukurasa mmoja kwa albamu moja, na kila jina andika mbele yake mji anakoishi.

Mfano ni hao hao Zawose. Watu wa hapa hunipigia wakiuliza, "Si ni Wagogo wenzetu, mbona hawapigi Dodoma?" Ukifuatilia majina utaona kwamba familia ile iliweka makazi Bagamoyo, ambako mzee alifundisha kwenye chuo cha sanaa. Muziki ni wa Ugogo, anwani ni ya Pwani. Kwa hiyo kuwasubiri Nyerere Square ni kujitesa bure. Nenda Bagamoyo wakati wa tamasha la chuo hicho, TaSUBa, au ukitaka muziki wa aina ileile kutoka kwenye shina lake, nenda Chamwino. Hilo nitalifikia.

Usiishie kwa waimbaji. Mpiga ngoma mmoja hupiga na bendi tatu. Aliyerekodi albamu ndiye mara nyingi anayeitwa kushika mitambo siku ya shoo. Watu hao wa nyuma wanajua tarehe wiki mbili kabla ya bango kuchorwa, na kwa kuwa hakuna anayewasumbua, wanajibu.

Ukurasa uliokamilika una majina matano au zaidi, angalau mawili ya watu wanaoishi Tanzania, na angalau moja ambalo umeshaanza kulifuata kwenye Instagram au umelitumia ujumbe wa heshima. Ujumbe wangu huwa mfupi: "Shikamoo kaka, nimesikiliza kazi yako fulani mara kadhaa, wimbo wa tatu umenishika. Ukiwa na shoo upande wa Dodoma naomba unitaarifu." Basi. Usiombe tiketi ya bure kwenye ujumbe wa kwanza. Wala wa pili.

## Hatua ya 4: Lipia angalau albamu moja kati ya kumi

Si suala la utakatifu. Anayenunua moja kwa moja kwa mwanamuziki au lebo ndogo huingia kwenye orodha yao ya taarifa, na taarifa za shoo huanzia huko.

Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya albamu za kupakua. Albamu ya dola 8 ikinunuliwa, dola 1.20 inakwenda kwao, kuna makato ya malipo ya kadi, na iliyobaki inakwenda kwa mwenye ukurasa. Mwenye ukurasa akiwa lebo, mwanamuziki anapata kulingana na mkataba wake. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi, nunua kwenye ukurasa wa mwanamuziki mwenyewe. Tangu Machi 2020 wana pia Ijumaa maalumu ambazo hawachukui fungu lao, na wengi wetu tunanunua siku hizo.

Kuhusu bando: albamu ya dakika 40 katika MP3 ya ubora wa juu (kbps 320) inakula karibu MB 100. Ukiisikiliza mtandaoni kwa ubora wa chini (kbps 96) inakula karibu MB 30, lakini kila ukirudia inakula tena, isipokuwa umeihifadhi kwenye simu. Albamu unayotaka kuisikiliza mara tatu, pakua. FLAC, yale mafaili makubwa yasiyopunguzwa ubora, iache mpaka uwe na Wi-Fi. Kwa earphones za elfu tano hutasikia tofauti.

Angalizo: zile tovuti zinazokupa albamu nzima bure kwa kubonyeza vitufe vitano vyekundu, mara nyingi unachopakua si muziki. Simu ya binamu yangu ilianza kutuma ujumbe yenyewe.

## Hatua ya 5: Chora kalenda ya mwaka, kwa penseli

Shoo ndogo hazitabiriki, ila mambo makubwa ya mwaka yanajulikana, na shoo ndogo hujipanga kuyazunguka. Mwanamuziki anayesafiri kwenda tamasha kubwa hutafuta pa kusimama njiani. Weka haya kwanza.

Februari: Sauti za Busara, Zanzibar. Linafanyika tangu 2004, na Ngome Kongwe ndiyo ukumbi unaokumbukwa na wengi. Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Kutoka Dodoma panda treni ya SGR hadi Dar. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Halafu boti. Kata tiketi ya treni mapema, kwa sababu mwisho wa wiki wafanyakazi wa serikali nusu mji wanashuka Dar kwenye familia zao.

Katikati ya mwaka, mara nyingi Julai: tamasha la muziki wa Cigogo, Chamwino. Ni kama kilomita 30 kutoka mjini kwa barabara ya Morogoro. Kwangu hili ndilo tukio la mwaka, na inanisikitisha kuona watu wa Ilazo na Kisasa wanaolipa maelfu kwenda Zanzibar hawajawahi kulipa nauli ya daladala kwenda Chamwino. Vikundi vya vijijini huja na muheme, ile ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana kati ya mapaja, huja na mazeze ya ukubwa wote, na kwaya za nindo ambazo sauti zake zinapandiana hadi hujui imeanzia kwa nani.

Onyo kuhusu Chamwino: ni tamasha la mchana na la uwanjani. Mwaka wa kwanza nilifanya mahesabu ya mjini, nikafika saa moja jioni nimevaa vizuri. Nikakuta akina mama wanafunga ngoma kwenye khanga na watoto wanakimbiza chupa tupu za maji. Bibi mmoja akaniangalia viatu, akasema, "Mjukuu, umechelewa kuzaliwa." Nenda asubuhi. Beba maji na kofia.

Agosti: Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Watu huenda kuona ng'ombe na matrekta, lakini mabanda huleta vikundi vya ngoma na bendi. Ubora unapanda na kushuka. Mimi huenda siku moja tu, huzunguka kwa kufuata sauti.

Kuanzia Septemba hadi Novemba: Bagamoyo, tamasha la TaSUBa nililolitaja. Tarehe hubadilika, ihakikishe kwa chuo chenyewe.

Vyuo vikifunguliwa. UDOM peke yake ni mji. Wiki za mwanzo wa mwaka wa masomo zina maonyesho ya wanafunzi, mengine ya bure, na humo ndimo utamkuta mpiga gitaa ambaye baada ya miaka mitatu utajigamba ulimwona kabla ya wengine.

Kwa shoo za kawaida, msimu wa kiangazi, Juni hadi Novemba, ndio wenye maonyesho mengi ya nje kwa sababu mvua haipo. Kuanzia Desemba hadi Aprili ulizia kama kuna paa. Mvua ya Dodoma si nyingi, ila ikiamua kunyesha siku ya shoo haiulizi.

## Hatua ya 6: Jenga mtandao wa watu watano

Huhitaji makundi arobaini ya WhatsApp. Unahitaji watu watano: fundi mitambo mmoja, mhudumu au meneja wa sehemu moja inayoweka bendi, mwanafunzi mmoja wa chuo, mwanamuziki mmoja, na shabiki mmoja mwenye kelele kama mimi. Hifadhi namba zao na uangalie status zao kila Jumatano jioni. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu shoo nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumatano ndipo mambo yanakuwa yameshakubaliwa, ila mabango bado.

Fundi mitambo ndiye muhimu kuliko wote. Spika zikikodiwa, kuna shoo. Zisipokodiwa, hata bango liwe na rangi kumi, hakuna kitu. Mpate kwa njia rahisi: shoo ikiisha, msaidie kubeba spika moja hadi kwenye gari.

## Hatua ya 7: Lisome bango kama mkataba

Bango likifika, jibu maswali manne kabla hujatoa hela.

Saa ngapi, kwa saa ya nani? Hapa ndipo watu wengi wanaangukia. Bango likiandikwa "2:00" peke yake linaweza kuwa saa mbili usiku ya Kiswahili, au saa nane mchana kwa mtindo wa Kiingereza. Nimewahi kukosa shoo nzima ya mchana kwa kosa hilo, nikafika usiku nikafunguliwa na mlinzi aliyekuwa anakula. Piga simu uulize hivi: "Ni mchana au usiku?" Usiulize "saa ngapi", kwa sababu atakusomea kilekile kilichoandikwa.

Ukishajua saa ya bango, ulizia pia saa ya bendi. Saa ya bango ni ya mlango kufunguliwa. Kati yake na bendi kuna DJ, kuna MC anayeshukuru wadhamini, na kuna mgeni rasmi ambaye bado yuko Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Laivu gani? Neno hilo limechakaa. Linaweza kuwa na maana ya watu sita na vyombo, au mtu mmoja anayeimbia fleshi. Uliza: "Kuna ngoma na gitaa, au anaimbia fleshi?" Shoo ya fleshi si dhambi, singeli nyingi ni hivyo. Ila ujue unacholipia.

Wapi hasa? "Area D" si anwani. Omba alama: karibu na nini, mkabala na nini, njia ya lami au vumbi.

Hela inakwenda kwa nani? Ukilipa kwa lipa namba, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na la ukumbi au mwandaaji, simama, piga simu. Kuna watu wanachukua bango la kweli, wanafuta namba, wanaweka yao, wanasambaza. Mimi nililizwa elfu kumi na tano namna hiyo. Ikiwa kuna kulipia mlangoni kwa bei ileile, lipia mlangoni.

Majibu manne yakipatikana, yaandike daftarini chini ya ukurasa wa albamu ya mwanamuziki huyo. Ukurasa usipokuwepo, rudi hatua ya 1. Siku tatu zinatosha kusikiliza mara tatu.

## Hatua ya 8: Panga kurudi kabla ya kwenda

Kwenda ni rahisi. Daladala zipo, mwanga upo, una nguvu. Tatizo ni saa sita usiku ukiwa Nzuguni na unaishi Mkonze. Kubaliana na boda au bajaji wako bei ya kurudi mchana, akili zikiwa zimetulia. Mtumie ujumbe ukiwa ndani, nusu saa kabla, si ukiwa umesimama barabarani umeshika simu inayowaka.

Sasa jaketi. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unang'ata, tena kwa upepo wenye vumbi. Watu kutoka Dar hucheka jua la mchana, halafu saa tatu usiku wanajifunika vitambaa vya meza. Nimeona kwa macho yangu.

## Hatua ya 9: Ukiwa ndani

Usisimame mbele ya spika. Tafuta alipo fundi mitambo, simama mita mbili mbele yake au pembeni yake. Yeye anarekebisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo hapo ndipo panaposikika vizuri kuliko kote.

Vaa viziba masikio, hasa kwenye singeli. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100, na wataalamu wa usalama kazini wanakadiria kwamba kwenye kiwango hicho sikio lisilokingwa linavumilia kama dakika 15 tu kwa siku. Pamba haisaidii kitu cha maana. Sponji ivingirishe iwe nyembamba, ingiza, shikilia hadi ivimbe. Ukisikia maneno ya mwimbaji vizuri kuliko mwanzo, umeivaa sawasawa. Ukitoka masikio yanalia *nziii* hadi asubuhi, ulikosea.

Rekodi wimbo mmoja ukitaka, kisha weka simu mfukoni. Kwenye ngoma za kijijini omba ruhusa kwanza.

Kutuza kuna taratibu zake. Ndiyo maana nilisema noti ndogo. Subiri wimbo ufike pale vyombo vinapopiga peke yake, nenda kwa upole, mpe mkononi au weka kwenye kapu, usimbandike usoni. Na mkumbuke mpiga ngoma aliyeko nyuma, ambaye hakuna anayefika kwake. Noti ya elfu mbili kwa mpiga ngoma imenipa taarifa nyingi za shoo kuliko mabango yote niliyowahi kuyaona.

## Hatua ya 10: Asubuhi yake, kabla ya chai

Fungua ukurasa wa albamu ile na uandike mistari mitano: walipiga nyimbo zipi za albamu, zipi mpya, nani alikuwepo ambaye jina lake hukuwa nalo, sauti ilikuwaje, na nauli ilikuwa kiasi gani. Wimbo mpya ambao haupo kwenye albamu uwekee nyota. Huenda ni wa albamu ijayo.

Kisha mtumie mwanamuziki ujumbe mmoja ukitaja wimbo huo wenye nyota. Usimsifu sana. Muulize tu unaitwaje, na watapiga wapi tena.

Mwezi uliopita nilimuuliza mmoja. Alijibu saa kumi jioni kwa sauti, nyuma yake mtoto analia na mtu anakaza nyuzi: wimbo bado hauna jina, na Jumamosi ya wiki hii wapo Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, saa moja usiku ya Kiswahili, nije na yule jamaa wa spika.